Udongo wa Marafa Mikononi mwa Mama

Hina iliyokandwa jioni na kulala mpaka asubuhi ina harufu ambayo sijapata kuikuta kwingine. Ni harufu ya majani yaliyolowa, ya ndimu, ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa, iliyochemshwa mpaka ikawa chungu, na juu yake matone machache ya mafuta ya karafuu. Nilipokuwa na miaka tisa, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha nyumbani kwetu Malindi, kabla ya adhana na kabla ya majogoo ya jirani. Mama yangu alikuwa mpaka hina. Alitwanga majani mwenyewe, akayachekecha kwa kitambaa cha shashi mara tatu, kwa sababu punje moja ikibaki humkwamisha mchoraji katikati ya ua, na bi harusi hana mkono wa akiba. Alichora kwa kijiti cha ufagio alichokichonga ncha. Wengine walikuwa wameshaanza kutumia koni za nailoni, lakini mama alisema koni ina haraka zake. Mikono yake mwenyewe haikupata kuwa mitupu hata siku moja. Vidole vilikuwa vyekundu mpaka kwenye viungo, viganja vina rangi ya chai nzito, na mimi nilidhani mama alizaliwa hivyo, kama vile wengine wanavyozaliwa na baka mwilini.

Maua hayakuwa ya kila mtu. Kwetu mtoto wa kike ambaye hajaolewa hupakwa ncha za vidole tu siku ya Idi, na kiduara kimoja kiganjani akibembeleza sana. Maua ya mikono na miguu, yale yanayopanda kama mizabibu mpaka karibu na goti, ni ya bi harusi na ya mwanamke aliye na mumewe. Msichana akionekana na maua, mtaa mzima utauliza anampambia nani. Msimamizi mkuu wa sheria hizo alikuwa Shangazi Rukia, dada yake baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye hakuna harusi ya mjini iliyofanywa bila yeye kuulizwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia kina mama wa maharusi, "Mwiteni wifi yangu," nao wakamwita. Akisema jina la mwingine, wangemwita mwingine. Mama alimheshimu, na nadhani alimwogopa kidogo. Mimi nilimwogopa sana.

Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Waitaliano huko ufukweni. Alikuwa mtu wa mzaha, na alirudi nyumbani na mambo mawili: maneno ya Kiitaliano, aliyoyatumia kutunyamazisha, na vitambaa vya meza. Hoteli ilikuwa ikivitoa vitambaa vyeupe vilivyoingia madoa ya mchuzi wa nyanya yasiyotoka, naye akavibeba, mama akavifua, vikakunjwa na kuwekwa kabatini kwa shughuli ambayo haikufika. Pia alileta wateja. Wake wa wageni walitaka kuchorwa, na mama, aliyefundishwa na mama yake maua ya Mambrui na makorosho ya leso, akajikuta akichora pomboo kwenye kifundo cha mguu na jina la mtu begani. Mmoja alichorwa jina la mpenzi wake, na mwaka uliofuata akaja na mpenzi mwingine akiomba jina jipya. Baba alicheka wiki nzima. Shangazi Rukia hakucheka. Alisema hina si chaki, na kwamba mama akiendelea kuchora samaki atasahau maua. Baadaye nilimwona mama akijaribu kwenye karatasi pomboo aliyezungukwa na mizabibu, na alikuwa akitabasamu peke yake.

Baba alifariki kwa maradhi ya siku tatu. Sitaki kuyaandika sana. Ninalokumbuka ni kwamba nilipelekwa kumuaga, nikaona mikono yake imekaa juu ya shuka, na mikono hiyo haikuwa na rangi. Baba alikuwa mweusi mwenye viganja vya waridi, viganja vya mtu anayeshinda karibu na moto. Sasa vilikuwa kama majivu. Hakuna aliyenieleza chochote kuhusu rangi, wala sikuuliza, ila nililibeba jambo hilo kichwani nikaondoka nalo.

Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nje ya mlango, hakujitia manukato, hakuvaa dhahabu wala wanja, na hakupaka hina. Alivaa nguo nyeupe zisizo na urembo, akakaa kwenye mkeka ndani, na wanawake wakaja kumpa pole. Shangazi Rukia alikuja kila siku baada ya alasiri na bakuli la chakula, akaketi karibu na mlango na kupokea wageni kama mlinzi. Harusi ziliendelea mjini, kwani watu hawaachi kuoana, na maharusi walipakwa na mikono mingine. Nilisikia mama mmoja akinong'ona pale ukumbini kwamba hata eda ikiisha, si kila mtu atapenda binti yake apakwe na mjane. Mama naye alisikia. Kazi ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya kutulisha, na pia ndiyo aliyoipenda.

Basi kidogo kidogo hina ikaanza kumtoka mama mikononi. Kwanza viganja vikawa vya rangi ya chungwa, kisha vya manjano kama karatasi ya zamani, kisha vidole navyo vikafuata, na kucha zikawa na nusu nyekundu na nusu nyeupe. Mwisho wa mwezi wa pili niliitazama mikono yake juu ya mkeka na nikaona kitu nilichokuwa nimeshakiona mara moja. Ilikuwa mikono ya baba. Leo najua kwamba hiyo ilikuwa tu ngozi ya mwanamke asiyepaka hina. Wakati ule nilijua kwa yakini, kwa yakini ya mtoto isiyo na pa kuulizia, kwamba rangi ikimwishia mama atakwenda alikokwenda baba. Nilikonda. Nilikuwa nikiamka na kwenda kumtazama viganja kabla ya kunawa uso.

Siku ile alikuwa amelala baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa hajapata usingizi wa maana tangu msiba, na alipoupata aliuangukia mzima mzima, mkono wa kulia umenyooka nje ya mkeka, kiganja juu. Nilijua unga wa hina ulipo. Niliukanda kwa ndimu na chai kama nilivyoona ikifanywa, ila sikuwa na subira ya kuulaza. Nikaketi sakafuni na kijiti chake nikachora. Nilianza na vidole, nikavipaka mpaka kwenye viungo, kisha katikati ya kiganja nikachora ua, ua halisi la bi harusi, lenye petali nane na vitawi viwili, kwa sababu nilitaka liwe na nguvu. Halikuwa ua zuri. Lilikuwa limelalia upande mmoja kama kibanda kibovu. Nikakaa nikalilinda na nzi kwa zaidi ya saa moja, nikisikia kwa mara ya kwanza tangu baba afe kwamba nimefanya jambo la maana.

Mama alipoamka aliuinua mkono kujipangusa uso, hina kavu ikamwangukia shavuni. Akauangalia. Kisha akakimbia uani kwenye mtungi, akasugua kwa maji, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Vumbi lilitoka, rangi ikabaki. Ilikuwa ya machungwa, na yeye kuliko mtu yeyote alijua kwamba kesho itakuwa nyekundu na keshokutwa itakuwa ya damu ya mzee. Mjane wa miezi miwili, ua la harusi kiganjani. Hata hapo hakupaza sauti.

"Mwanangu, kwani nimekukosea nini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Sikuweza kulipanga vizuri, nilisema tu kwamba rangi ya baba iliisha na yake inaisha, na mimi sitaki. Mama aliketi chini palepale kwenye maji, akanivuta, akaniegemeza kifuani, na mkono ule wa kosa ukawa mgongoni kwangu. Alilia kwa sauti ambayo hakuwa ameilia hata siku ya maziko. "Siendi popote," alikuwa akisema. "Hina ni majani tu. Mimi ni mama yako. Siendi popote."

Adhana ya alasiri ikatukuta hapo. Shangazi Rukia hakuwahi kuchelewa.

Aliyetuokoa alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mgiriama wa Marafa ambaye binti yake aliitwa Kadzo, na sisi tukimwita Mekadzo kama walivyomwita watu wa kwao. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, aliyekuwa na kawaida ya kuja na magunia ya udongo kila akirudi kutoka nyumbani, kwa sababu aliamini hakuna udongo mwingine duniani unaofaa kukandikia ukuta wa jiko. Aliyewahi kuona makorongo ya Marafa atamwelewa: kule ardhi imepasuka na ndani yake mna matabaka ya rangi nyeupe, ya waridi, ya manjano na ya wekundu mkali. Siku hiyo alikuwa ameshalowanisha karai zima la udongo mwekundu. Alikuwa amesikia kila kitu, kwani ua ni mdogo. Alilisukuma karai kwa mguu mpaka mbele ya mama.

"Tia mikono," akasema. "Yote miwili. Mwenye udongo hapewi mkono."

Shangazi Rukia alipoingia alimkuta wifi yake amesimama mbele ya ukuta wa jiko, mwekundu mpaka kwenye viwiko, akikandika. Nilijificha nyuma ya pipa la maji. Shangazi aliweka bakuli chini, akamtazama mama, akautazama ukuta, akatazama karai.

"Wifi, wafanya nini?"

"Nakandika. Ukuta umeanza kumomonyoka."

"Basi kandika vizuri," Shangazi akasema. "Na ule wa pili pia. Ukuta mkubwa huo, utakuchukua mwezi." Kisha akaenda kuketi mahali pake mlangoni, na kila mwanamke aliyeingia akitaka kumpa mama mkono wa pole, Shangazi alimzuia kwa kiwiko: "Msimshike, ana udongo."

Tatizo la kuta ni kwamba huisha. Kuta mbili za jiko zilikamilika kwa siku tatu, na ua la kiganja lilikuwa ndiyo kwanza limekolea. Ilibidi mama awe na udongo mikononi kila siku baada ya alasiri, na ili awe nao ilibidi awe na la kufanya. Ndipo akaanza kuchora. Mekadzo alimpondea udongo wa rangi nne, akamwonyesha namna ya kuuchanganya na gundi inayotoka kwenye mkanju, yaani mkorosho, ili usipukutike, na mama akatafuna mswaki wa mti mpaka ukawa na nyuzi, akapata brashi. Mwanzoni alichora maua ya Mambrui ukutani, makubwa kama sinia, jambo ambalo halikuwa limewezekana kwenye mkono wa mtu. Mekadzo akalitazama ua la kwanza akasema limekaa bila nyumba. Akachukua kijiti akalichorea pembetatu pande zote, ncha kwa ncha, kama zile anazochonga babu yake kwenye mbao. Mama alisimama mbele ya kitu hicho kwa muda mrefu. Hakikuwa cha Mambrui wala cha Marafa, na hakuna kati yao aliyejua kukipa jina.

Kuta zilipojaa, alifungua kabati akatoa vitambaa vya baba. Alivitandaza uani na kwa siku nzima hakuchora kitu, alivitazama tu. Halafu nikamwona akiweka kidole juu ya doa la nyanya ambalo sabuni haikuliweza, na kutoka kwenye doa hilo akaanza kuvuta petali. Kila doa lilipata ua lake. Kwenye vitambaa hivyo walikuwa wamekula watu wa Milano na Roma, baba akiwa jikoni akiimba, na mmoja wao alikuwa amemwaga mchuzi. Sasa mahali pale palikuwa pakiota kitu. Pembeni alichora pomboo. Safari hii Shangazi Rukia alimwona akimchora, na badala ya kusema hina si chaki, kesho yake alileta kifurushi cha chokaa iliyochujwa vizuri na kusema aliikuta imelala bure nyumbani.

Mpaka rangi ya kiganja inaisha, vitambaa sita vilikuwa vimekauka kwenye kamba. Mama angeweza kuacha. Mkono ulikuwa safi, angeweza kuketi tena kwenye mkeka na kupokea pole kama inavyopasa. Asubuhi hiyo aliuangalia, akanionyesha ili nihakikishe kwamba ni mweupe na bado uko hai, akaukunja na kuukunjua mbele ya macho yangu. Kisha akaenda kwenye karai. Eda ilipokwisha aliitwa kwenye harusi, kwanza moja, kisha nyingine, kwani Shangazi alizunguka nyumba kwa nyumba akisema wifi yake amerudi kazini. Lakini maharusi waliopakwa na mama kuanzia hapo waliona pembetatu za Mekadzo zikizunguka viganja vyao, na wakazipenda, na leo ukipita Malindi utaziona mikononi mwa wasichana wasiojua zilikotoka.

Mwaka jana vijana wa sanaa walimwita mama Kilifi. Wamekodi ghala moja karibu na kijito, wamelipaka rangi nyeupe, wanaweka humo kazi za watu wa pwani na za wageni wanaokuja kukaa. Walitundika vitambaa kumi na viwili, vikiwemo vile sita vya kwanza, na kando yake wakabandika maelezo marefu yenye maneno makubwa: mabadiliko, maingiliano, mazungumzo ya tamaduni. Sikuyaona kuwa ya uongo. Nilitaka tu kucheka, kwa sababu ninajua mazungumzo yenyewe yalikuwa wanawake wawili na karai la udongo wakijaribu kumficha mtoto aliyekosea. Mama, ambaye sasa ana mvi na mkono unaomtetemeka kidogo, aliulizwa na vijana wenye simu zilizonyooshwa ni nini kilichomtia moyo. Akajibu kwamba alikuwa na ukuta uliobomoka. Mekadzo angeweza kuongeza neno, lakini alikwisha kurudi kwao Marafa na huko ndiko alikozikwa.

Shangazi Rukia alikuja, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu. Hasikii vizuri siku hizi, lakini bado anaingia mahali kama mwenye mahali. Nilimbusu mkono, nikampitisha mbele ya vitambaa kimoja kimoja. Kwenye kile cha pomboo akasimama, akaegemea mkongojo wake, akasema bila kunitazama:

"Ua lako lilikuwa baya sana. Petali nane, na hata moja haikulingana na mwenziwe."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Mimi sikuwa nimechora ua lolote kwenye vitambaa vile. Nilimuuliza ua gani.

"La kiganjani. Nilipoingia siku ile mama yako alikuwa ameinua mkono juu kukandika, na udongo ulikuwa umebanduka katikati ya kiganja. Nililiona kabla sijaweka bakuli."

"Na hukusema kitu, Shangazi. Miaka yote hii."

"Niseme nini?" Sasa akanigeukia. "Kaka yangu nilikuwa nimemzika. Nizike na wifi?"

Kwa miaka mingi nilikuwa nimemweka mwanamke huyu upande wa pili wa kisa changu. Tuliokuwa upande wa huruma, kwa hesabu zangu, tulikuwa watatu: mama, Mekadzo na mimi, na yeye alikuwa ndiye jicho tulilolikimbia. Nafundisha shule hapa Kilifi, na nawaona wanafunzi wangu wakiishi na macho mengi kuliko niliyokuwa nayo. Mkono ule wa mama leo ungepigwa picha na mgeni wa kwanza, na kabla ya magharibi ungekuwa umefika Mtwapa na Mombasa, watu wasiomjua wakimpangia hukumu yake. Sisemi vijana wana roho mbaya. Wamejaliwa kuona tu, na kuona siku hizi ni sawa na kusema. Shangazi aliona, akaketi mlangoni, na kwa wiki nne akawasukuma watu kwa kiwiko. Kama angefungua mdomo, mama asingemaliza hata ule ukuta wa kwanza, na mimi ningekua nikijua kwamba nilimpoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilitaka kumwambia hayo yote, lakini yeye akasema nimtafutie kiti kwa sababu miguu inamuuma. Nikakileta, nikakiweka kando ya kile cha mama. Mama akamsogelea. Shangazi Rukia akauchukua mkono wake wa kulia, akaupindua kiganja juu, akauweka juu ya paja lake, na wakakaa hivyo mbele ya watu wote.